Mbio Moja ya Araminta

Alikuja vipandevipande, kwa mashua ya mfereji,
amefungwa kwa majani makavu kama vyombo vya arusi:
tangi la mvuke, magurudumu manne, bomba refu la moshi,
na kibao cha shaba kilichoandikwa ARAMINTA,
jina la binti wa mkurugenzi,
ambaye hakuwahi kutia mguu Pennsylvania
wala hakuombwa ruhusa.

Gwilym Prosser, fundi kutoka Welisi, baba wa bibi yangu,
alimuunganisha kwa siku arobaini na moja.
Msumari mmoja ulipopungua aling'oa wa kiatu chake.
Alipomaliza alimpima kwa macho, kisha akazitazama reli,
mbao za msonobari zilizovikwa utepe wa chuma
mwembamba kama mkanda wa maskini,
akanyamaza.
Kampuni iliagiza tani nne.
Wahunzi walituma nane.

Agosti, mwaka elfu moja mia nane na thelathini.
Mji mzima wa Nescott kando ya njia,
wauza tufaha, wachimba makaa, mchungaji na saa mkononi,
na farasi wanane wa kampuni, wamefungwa uani,
wanatafuna bila wasiwasi.
Tabitha alishika kofia ya mumewe
kama mtu aliyepewa chenji asiyotaka kuihesabu.

Kisha
tu, tu,
tu-tu, tu-tu,
mbwa wakaingia chini ya nyumba,
mchungaji akasahau kutazama saa,
na Araminta akapita akitema cheche kwenye mashati ya Jumapili,
Gwilym kasimama mgongoni, kalowa jasho, anacheka,
kicheko ambacho Tabitha hakukisikia tena
kwa miaka thelathini iliyowabakia.

Nyuma yake, mbao:
ta. Ta.
Ta.
Kama mtu anayevunja kuni bila haraka.

Maili tatu, basi.
Karani akaifuata njia kwa miguu, akihesabu reli zilizopasuka,
sitini na mbili, kwa mwandiko mzuri.
Kutangulia si kufika, lakini hilo hakuliandika.
Aliandika: farasi ni nafuu.
Na waliomrudisha bandani ni wao wanane,
wakimvuta kwa kamba,
na yule wa mbele, jike jeupe aitwaye Dorcas,
alijisaidia katikati ya njia, hakuona haya.

Kuku ndio waliompenda kwanza.
Walitaga ndani ya tanuri lake hadi theluji ya tatu.
Kisha wakaja watu, usiku mwanzoni, baadaye mchana kweupe.
Gurudumu moja likafunika kisima cha akina Oberholt.
Tangi likauzwa mgodini, likateremshwa gizani
kupandisha maji, miaka kumi na tisa,
kazi ndefu kuliko zote alizopata kuifanya,
na hakuna aliyempigia makofi.
Kibao cha shaba, sijui.
Gwilym alichukua kitu kimoja: mkono wa kuendeshea,
chuma cha dhiraa moja.
Kikawa cha kuchochea moto jikoni.

Nilikuwa na miaka tisa alipokuja bwana wa makumbusho,
Ellery Vandermark, na orodha na kalamu ya risasi,
anamkusanya Araminta nyumba kwa nyumba.
Akina Oberholt walitoa gurudumu, wakaziba kisima kwa ubao.
Bibi Keturah alimkaribisha,
akamkatia pai ya tufaha,
akachochea moto mbele ya macho yake kwa chuma kile kile,
akasema, "Hapa hakuna kitu cha reli, bwana.
Sisi ni watu wa jikoni."
Kisha akanitazama mimi.

Leo yuko mjini, nyuma ya kamba nyekundu,
amepakwa rangi, anang'aa, hajawahi kuwa mzima hivi.
Mahali pa mkono wameweka wa mti
uliochongwa vizuri, ukatiwa weusi.
Mlinzi alipogeuka niliugusa.
Mwepesi mno.

Nyumbani kile cha kweli kimeegemea jiko
ambalo hatuliwashi tangu gesi ilipokuja.
Nikikishika, kiganja changu
kinaingia pale pale palipolika,
na sijui ni maili tatu zilizopalainisha
au ni uji wa asubuhi, miaka yote ile.